Kibanio cha Tano

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi mawingu mepesi, mchana jua, upepo mdogo usiotulia upande mmoja.

Nilifika kwa kaka saa nne. Viti vyote vya sebuleni vilikuwa vimetolewa nje na kupangwa ukutani, kimebaki kimoja tu cha mama yetu karibu na dirisha. Mke wa kaka, shemeji yangu, alikuwa amepiga magoti akipangusa sakafu kwa mara ya tatu. Kaka alisimama mlangoni na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Yeye ndiye aliyeniita niandike yatakayosemwa, kwa sababu kwenye ukoo wetu mwenye daftari ni mimi, na kwa sababu hakutaka baadaye mtu aseme hakuambiwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: shemeji, mwenye miaka hamsini na mbili, alitaka kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli.

Waliosikia habari hii juu juu walidhani kichwa chake kimeanza kuchoka, kwa hiyo nieleze alivyofika hapo. Shemeji ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini alishona sare za shule na vitambaa vya viti vya magari. Miaka sita iliyopita mtu mmoja alimletea parachuti, yaani ule mwavuli mkubwa wa kurukia, umechanika ubavuni. Mafundi wengine walikuwa wamemrudisha. Shemeji hakuushona siku hiyo. Alikaa nao siku mbili akihesabu mishono ya kiwandani, ni mingapi kwa kila urefu wa kidole, kisha akatia kiraka chenye hesabu ile ile. Tangu hapo klabu ya warukaji, iliyo kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, haikumwachia. Sasa anafanya kazi kule siku tatu kwa wiki, kwenye chumba chenye meza ya hatua kumi na nne, chini ya mzee wanayemwita Mzee Kadi.

Kila mrukaji hubeba miavuli miwili: mkubwa, na wa akiba wa kufunguliwa endapo mkubwa utagoma. Mkubwa hukunjwa na mrukaji mwenyewe. Wa akiba hukunjwa na mtu mwenye idhini tu, na ndani ya mfuko wake hukaa kadi yenye tarehe na saini ya aliyeukunja. Mzee Kadi amefanya kazi hiyo miaka thelathini. Macho yameanza kumwangusha, na mwisho wa mwaka anapumzika. Shemeji hukunja, yeye huangalia na kutia saini. Ili amkabidhi kalamu, ana sharti lake ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha klabu: mkunjaji aruke mara moja, mgongoni ana miavuli miwili aliyoikunja kwa mikono yake. Nilimsikia mwenyewe akilieleza.

"Jina lako likiwa kwenye kadi, mtu anatoka mlangoni hewani kwa sababu yako," alisema. "Sikupi kalamu kabla hujasimama kwenye mlango huo."

Shemeji hakubishana naye. Alikwenda kupimwa moyo na magoti, akachukua fomu ya mafunzo, na siku hiyo hiyo, chakula kilipoondolewa mezani, akaisoma kwa sauti mbele ya kaka, pamoja na mstari unaosema kwamba mrukaji anaweza kufa. Kaka akamwambia arudie mstari huo. Akaurudia. Chini kabisa kulikuwa na nafasi ya saini ya mtu wa karibu. Kaka alisukuma fomu pembeni na kwenda kuoga, na kwa siku tisa neno mwavuli halikutajwa nyumbani humo.

Shemeji angeweza kuomba saini ya binti yake, ambaye ni mtu mzima na anauza katika duka la dawa. Hakutaka. Aliniambia kwamba haombi ruhusa, lakini hawezi kusimama kwenye mlango wa ndege huku mtu wa nyumbani kwake anaamini ameaga. Bila saini ya kaka, haendi, na kalamu apewe mwingine. Alilisema hilo kama anayetaja vipimo vya suruali, nami nikajua hatalibadilisha.

Ndiyo sababu ya kikao cha sebuleni.

Alianza na karatasi. Alikuwa ameigawa sehemu tatu kwa rula: kinachoweza kuharibika, kinachokizuia, na kinachobaki. Mwavuli mkubwa kugoma: kuna wa akiba. Wa akiba nao kugoma: hakuna wa tatu. Mguu kuvunjika wakati wa kutua: mazoezi ya kutua miguu ikiwa pamoja, lakini magoti ya miaka hamsini na mbili ni yale yale. Upepo: usiende. Kuchanganyikiwa angani: kwa wanaoanza, mkanda uliofungwa ndani ya ndege huuvuta mwavuli wenyewe. Kusahau la kufanya baada ya hapo: mazoezi, na bado inaweza kutokea. Ile sehemu ya tatu aliijaza kuliko sisi tulivyotaka.

Halafu akatoa hesabu ya klabu yao. Katika miaka kumi na miwili watu wameruka mara elfu tisa na ushee. Walioteguka ni wengi, waliovunjika ni wawili, aliyekufa ni mmoja.

"Huyo mmoja hukuwahi kumtaja," kaka alisema.

"Leo namtaja."

Alisema mwavuli wa mtu huyo ulikuwa umefunguka vizuri, ila alikata kona kwa nguvu karibu na ardhi, kitu ambacho anayeanza hukatazwa. Kisha akasema kiraka kimojawapo kwenye mwavuli ule alikuwa amekitia yeye, miezi miwili kabla. Walipouleta aliukagua uzi kwa uzi. Kiraka kilikuwa kizima. Hata hivyo, wiki ile nzima hakugusa cherehani, na sisi tulidhani ana homa.

Binti alijaribu kutuchekesha. "Mama, ukirudi na mguu wa plasta, mimi sipiki."

"Hata akiwa mzima hupiki," mama yetu alimjibu kutoka kwenye kiti chake.

Mama yetu alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji mpaka alipostaafu, na siku hiyo alikuwa mpinzani mkubwa kuliko kaka. Alikuwa ameona mifupa mingi mno. Aliuliza maswali mafupi, akajibiwa, na uso haukulegea. Kaka yeye aliuliza moja tu.

"Na mimi huku chini? Umeniandika wapi?"

Shemeji alitazama karatasi. Hakuwa amemwandika. Akachukua kalamu, akaongeza mstari: *Mume chini.* Kwenye kinachozuia hakuandika kitu. Alifikiri kidogo, akaweka kalamu pembeni, akasema sasa atatuonyesha kazi yenyewe.

Alitandika turubai, akautandaza mwavuli wa akiba, mweupe, mwembamba kama karatasi ya kufungia. Pembeni akaweka kitambaa chenye vyombo vyake kumi na viwili: vibanio vitano vya kushikilia mikunjo, vijifuko vinne vya changarawe vya kukandamizia, kamba ya kuvutia, pini ya muda na kijiti bapa. Kila chombo kilikuwa kimechorewa umbo lake kwenye kitambaa. Kabla ya kuanza alivihesabu kwa sauti, akiwa na daftari lake la hatua.

Sijui kama naweza kuieleza kazi ile. Ilichukua saa mbili na dakika kumi. Kila kamba aliifuata kwa vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kila mkunjo aliutoa hewa kwa kiganja, akaubana, akaweka alama kwenye daftari. Feni ilizimwa isipeperushe kitambaa, na pazia lilipoanza kupeperuka kwa upepo wa dirishani, mama alilishughulikia mwenyewe ili aone vizuri. Sebule ilikuwa na joto la kuoka mkate. Shemeji hakuinua uso. Nimefanya kazi ofisini miaka ishirini na saba na sijawahi kuwa makini hivyo hata siku moja.

Mwisho alipachika pini ya mfuko wenyewe, akauweka katikati ya sakafu, mdogo kama mto wa kitandani. Binti akapiga makofi. Shemeji alianza kuhesabu vyombo.

Vilikuwa kumi na kimoja. Umbo la kibanio cha tano lilikuwa tupu.

Alihesabu tena. Kisha akachomoa pini, na saa mbili za kazi zikamwagika juu ya turubai.

Kaka hakuamini. Alisema tungetafuta kwanza, kibanio hakina miguu. Tukatafuta: chini ya turubai, kwenye mikunjo ya nguo zetu, nje kwenye viti. Shemeji yeye alikuwa anafungua mwavuli mkunjo kwa mkunjo, akipapasa ndani. Kikiachwa humo, alisema, kitashika kitambaa siku mtu anapouhitaji mwavuli kuliko siku zote.

Binti ndiye aliyekiona. Kilikuwa mbele ya macho yetu muda wote, juu, kimelibana pazia.

Mama aliinua mkono taratibu. "Nilidhani cha nguo," alisema. "Kilikuwa hapa miguuni."

Tulicheka mpaka kaka akaweka kikombe chini. Alipopata pumzi akamwambia shemeji basi, kimeonekana, mwavuli ulikuwa salama tangu mwanzo, kumbe amejisumbua bure. Hapo mama akaacha kucheka.

"Bure?" alisema. "Miaka thelathini na moja nimehesabu mikasi na vitambaa kabla ya daktari kumfunga mtu tumbo. Ikipungua moja, hafungi. Hata awe amechoka namna gani, hata iwe imeanguka chini ya meza. Nimewaona madaktari wakinitukana kwa hilo." Alimtazama shemeji aliyekuwa sakafuni. "Na leo mimi ndiye niliyeiba chombo."

"Si kosa lako, mama," shemeji alisema. "Kibanio changu kinafanana na cha nguo. Hilo sikulifikiria."

Akafungua daftari, akaliandika. Halafu akanyoosha mwavuli, akaanza upya, hatua ya kwanza.

Mama akamgeukia kaka. "Wewe unatembea juu ya mapaa ya watu kama paka, na kamba huna. Huyu ana miavuli miwili na kichwa. Nani kati yenu anitoe usingizi?"

Ni kweli kaka ni fundi wa mapaa, na ni kweli nyuma ya mlango wa jikoni kuna mkanda wa usalama ambao shemeji alimshonea miaka miwili iliyopita kwa mikanda mizito ya klabu. Kaka husema unamletea joto na kumchelewesha. Haujawahi kushuka kwenye msumari. Alitazama upande wa jikoni.

Alikaa sakafuni ukutani mpaka kazi ya pili ilipoisha, bila kutoka hata kwenda kunawa. Shemeji alipohesabu vyombo, midomo ya kaka ilikuwa ikihesabu pamoja naye. Kumi na viwili. Ndipo alipoomba ile karatasi, akaonyesha mstari wake kwa kidole.

"Hapa penye nafasi," alisema. "Andika: atakuwepo."

Akatia saini fomu juu ya goti lake.

Baada ya hapo zilifuata wiki tatu za mafunzo. Shemeji aliruka kutoka juu ya meza mara mia na zaidi, akaning'inizwa kwenye boriti akifanya mazoezi ya kuvuta kamba. Vibanio vyake vyote alivishonea utepe mwekundu. Jumamosi, tarehe 5 Julai, tulikwenda kiwanjani wote, mama akiwa na kiti chake. Upepo ulikuwa umesimama kwenye kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa wanaoanza. Mwalimu alisema huenda ukapungua baada ya saa moja. Shemeji alivua mikanda, akasema karatasi yake imeandika usiende, wala haikuandika usubiri. Tukarudi nyumbani.

Jumapili, tarehe 6, kulikuwa shwari, mawingu machache ya juu. Ndege ilipanda saa tatu na robo. Kaka alisimama pale alipoonyeshwa, mikono nyuma, macho juu. Tuliona kitu cheusi kinatoka mlangoni, na kabla sijamaliza kuhesabu nne, mwavuli ulikuwa wazi juu yake. Ule wa akiba ulibaki mgongoni, haukuhitajika. Aligeuka mara tatu polepole kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, akatua kwa miguu miwili, akaanguka ubavu kama alivyofundishwa, akasimama.

Kaka alimfikia wa kwanza. Alimfuta vumbi begani kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyokuwa.

"Ulikuwepo," shemeji alimwambia.

"Si uliandika."

Mzee Kadi alimuuliza alichoona mlangoni. Alijibu kwamba aliona akilini tarehe ya kadi na mwandiko wa mzee mwenyewe aliyeitia saini, akatamani angekuwa ameandika vizuri zaidi. Mzee alicheka, akatoa kalamu mfukoni, akampa.

Kesho yake, Jumatatu, shemeji aliamka kabla ya kaka. Alichukua ule mkanda wa usalama nyuma ya mlango wa jikoni, akaukung'uta vumbi, akauweka mezani chini ya taa, akaukagua mshono kwa mshono kwa kioo chake cha kukuzia. Pini ya kifungo kimoja cha chuma ilikuwa imeshika kutu kidogo, aliibadilisha. Kisha akakata kadi, akaandika tarehe 7 Julai, akatia saini kwa ile kalamu, saini yake ya kwanza, akaipachika kwenye mfuko mdogo wa mkanda. Akaurudisha msumarini, kadi ikitazama mbele, akachukua mkoba wake wa vyombo na kwenda kazini.