Perege Aliyekataa Pumba

Ndiyo kwanza tumeambiwa sisi si watu wa Arusha tena, ni wa Manyara, nami nikajisemea kama mkoa mzima unaweza kuanza upya, mimi ninashindwaje? Nikachimba bwawa la samaki pale Gehandu, kwenye bustani ya mboga niliyopewa nilipoolewa. Mimi nikishika jambo siambiliki. Mama mkwe, aliyekulia kwenye maziwa ya ng'ombe na hajawahi kuonja samaki, alisema nimegeuza bustani dimbwi la vyura. Akanipa mwezi mmoja: samaki wasipoongezeka, mume wangu alifukie.

Iliniuma sana. Lile bwawa lilikuwa kitu cha kwanza nilichokianzisha kwa akili yangu mwenyewe.

Perege wangu walikuwa wachache. Dume alichimba kishimo cha duara chini ya maji, akawa anafukuza kila apitaye. Jike mmoja mkubwa, tegemeo langu, akaanza kukataa pumba. Kila siku namkuta amejibanza kwenye majani, kidevu kimevimba. Zilipobaki siku mbili, mama mkwe akaja kutazama. Akasema huyo anaumwa, na mnyama mgonjwa huchinjwa kabla hajajifia. Nikamvua kwa kipande cha chandarua, nikamtia kwenye ndoo ya maji.

Mama akapiga magoti, akambana kichwa, akampanua mdomo kwa kidole gumba, kama anavyowafanyia ndama wasionyonya. Jamani! Vikamwagika vitoto, vingi, kila kimoja macho mawili meusi. Mama akashtuka akamwachia. Tukabaki tunaangalia. Baada ya kitambo jike akatulia, akafungua mdomo, na vile vitoto vikarudi ndani mbio, vinasukumana. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye tope.

Mama hakucheka. Aliniuliza ni siku ngapi hajala. Nikamwambia zinakaribia wiki mbili.

"Muda wote huo anawabeba na njaa yake," akasema, akaniamuru nimrudishe majini taratibu.

Jumamosi, mwezi ulipotimia, mume wangu akashuka bustanini na koleo, kama alivyoagizwa. Alimkuta mama yake amekaa ukingoni na fimbo, anafukuza ndege. Kwenye jiwe kando yake kulikuwa na bakuli la uji wa ulezi.

"Rudi na hilo koleo lako," akamwambia, "na upunguze sauti. Hapa kuna mzazi."