Mama Alipoleta Chama Chake

Kwa muda mrefu nilikuwa nimemwambia mama kwamba nafanya muziki Kericho, nikaishia hapo. Hakuuliza ni muziki gani, nami sikueleza. Kwake yeye, kama kwa watu wengi wa upande wetu wa Bomet, mtu wa muziki ni mtu anayeimba, kanisani au arusini. Mimi siimbi. Sipigi gitaa wala kinanda. Huwa natembea na kinasa sauti kidogo, nanasa milio ya huku kwetu: mashine za kuchuna majani chai, feni za kiwandani, ng'ombe wakikamwa. Kisha nakaa na kompyuta, naivuta ile milio, naikata, naipanga upya mpaka inakuwa kitu ambacho hata mimi siwezi kukipa jina. Ningemwambiaje mama jambo kama hilo akiwa anamenya viazi?

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, wazazi wake wakiwa wametoka Kisii kuja kutafuta kazi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya, na tangu akiwa msichana mdogo alikuwa akipelekwa kuimba kila palipokuwa na mazishi. Mama yake alipofariki, baba alimpa kipaza sauti kaburini. Akaimba mpaka mwisho huku watu wote wakilia, yeye akiwa hana nafasi ya kulia. Baada ya siku hiyo alijiapia kwamba hataimba tena wimbo wa dini mbele ya watu. Nilipokutana naye alikuwa akitoa sauti tu, bila maneno, akiipitisha kwenye kimashine kilichoirudia na kuivunjavunja.

Tulikuwa tukipiga muziki wetu Jumapili alasiri katika chumba cha juu cha hoteli moja karibu na steji ya matatu ya Kericho. Mwenye hoteli alitupa chumba hicho kwa sababu saa hizo hakuna mteja anayepanda ngazi. Waliokuja kutusikiliza walikuwa wanafunzi wa chuo, fundi cherehani mmoja, na wengine waliofuata mlio kutoka barabarani. Walikaa, wakanywa chai, wakasikiliza. Sisi tulitosheka.

Jumapili moja nilikuwa nikichomeka nyaya nikasikia sauti ya mama kwenye ngazi, sijui nani alikuwa amemwelekeza. Alikuwa amekuja na wenzake wa chama, akina mama anaopeleka nao majani kwenye kituo cha kupimia. Walikuwa wametoka kanisani moja kwa moja, wamevaa sare yao, leso za zambarau na sweta nyeupe. Mmoja alikuwa amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yaliyogandishwa kwa mkaa, amekifunga kwa kitambaa safi kama kitu cha kupelekea wakwe. Mama akamwambia mwenye hoteli kwamba wamekuja kusikia msichana wao akiimba. Wakaketi mbele kabisa.

Nilitamani umeme upotee. Kwa kawaida umeme wa Kericho hupotea ovyo, lakini siku hiyo taa ziliwaka vizuri.

Nikaanza kwa kuwa sikujua lingine la kufanya. Kazi niliyokuwa nimeandaa ilitokana na mvua ya mawe niliyoinasa nikiwa jikoni kwetu, mawe yakipiga mabati. Nilikuwa nimeipunguza mwendo hadi kila jiwe likawa na mngurumo wake mrefu, na mwenzangu alitakiwa kuingia polepole kwa sauti yake juu ya mngurumo huo. Dakika chache zikapita. Mama mmoja akainuka, akaenda kwa mwenye hoteli, akamwambia spika imeharibika. Yule bwana alijua haijaharibika, maana ndivyo tunavyosikika kila wiki. Lakini kwa heshima ya mama mtu mzima alikuja, akainama, akagusagusa nyaya, akatikisa kichwa. Wanafunzi waliokuwa nyuma wakacheka. Mama yangu alikuwa ameweka mkoba wake magotini, anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, akiutazama kana kwamba kuna kitu amekipoteza ndani.

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Mikono iliendelea kufanya kazi, lakini sikuwa nikisikia tena nilichokuwa nikikifanya.

Hapo mwenzangu akazima kimashine chake. Akasogea kwenye kipaza sauti, akamtazama mama yangu, akaimba. Ulikuwa wimbo wa dini ambao kila kanisa la huku linaujua. Aliuimba kwa Kiswahili, na akina mama wakaudaka kwa Kikipsigis, lugha yetu, kabla ya ubeti kwisha, wakasimama, wakapiga makofi. Nilishusha sauti ya mawe kidogo, kisha kidogo tena, mwishowe nikaizima. Nikabaki nimesimama nyuma ya kompyuta, viganja vimelala mezani kama muuza duka asiye na mteja.

Walipomaliza, mama alimkumbatia mwenzangu akimwambia kongoi, kongoi, asante isiyo na mwisho, akampa kibuyu. Kisha akanijia, akaninyooshea kola.

"Kumbe wewe ndiye unamtengenezea sauti," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaondoka akiwa na furaha. Sisi tukabaki kukusanya vitu. Nilimuuliza mwenzangu kwa nini aliimba.

"Nilimwona mama yako na ule mkoba," akasema. "Nilishindwa kuvumilia."

Nilijua ni nini alichokivunja ili mama yangu asiaibike. Ningepaswa kumshukuru pale pale. Badala yake nilimwambia sikuwa nimemwomba msaada. Aliendelea kuviringisha waya mkononi, polepole.

Haikuchukua muda mama akanipigia simu. Mume wa mmoja wa wale akina mama alikuwa amefariki, na chama kilimtaka yule msichana mwenye sauti nzuri aje kuimba kwenye mazishi. Sikuweza kumjibu kwa simu. Nilienda nyumbani, nikamkuta ndani ya chai akichuna, nikachukua kikapu nikachuna karibu naye.

Nilimwambia kwamba mwenzangu haimbi nyimbo hizo tena, na kwa nini. Nikamwambia siku ile aliimba kwa ajili yake tu. Na mimi si fundi wa sauti. Ile kelele ya mwanzo ndiyo kazi yangu.

Mama alichuna hatua kadhaa.

"Ile ilikuwa nini?"

"Mvua ya mawe. Kwa mabati ya jikoni."

Aliinua kichwa akatazama shamba lake. Mwaka huo mawe yalikuwa yametoboa majani yote ya upande wa chini, na tulikaa muda mrefu bila cha kupeleka kituoni.

"Sisi tunaomba isije," akasema, "na wewe unawapelekea watu waisikilize."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa akijaribu kunielewa, na hilo liliniuma zaidi.

"Ungeniambia," akaongeza baadaye. "Ningekuja peke yangu. Niliwaambia wale watu wiki nzima kwamba utaimba."

Kumbe naye alikuwa ameaibika, tena mbele ya watu anaokaa nao kila siku. Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Jibu la mazishi alilipeleka yeye mwenyewe kwa wenzake. Sijui aliwaambia nini.

Mwenzangu nilimshukuru baada ya Jumapili kadhaa, tukiwa tunapandisha spika ngazini. Alisema tuangalie ukuta, tusiukwaruze. Bado tunapiga pamoja. Ile kazi ya mawe tuliimaliza siku nyingine, mbele ya fundi cherehani na wanafunzi wachache, na sauti yake iliingia pale ilipotakiwa kuingia.

Nikienda nyumbani hupitia kituoni, na akina mama wa chama wote hunipa mkono, mmoja baada ya mwingine. Huniuliza habari za yule msichana mwenye sauti nzuri. Huwaambia yuko salama. Kuhusu kazi yangu hawaniulizi, nami huharakisha kumsaidia mama kufunga gunia.