Sentensi Niliyoiongeza kwenye Wasifu wa Jirani

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi hapa Shinyanga mjini, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Aliyepiga simu ni mwanawe wa kiume, yule anayechimba dhahabu Nyarugusu. Hakulia. Alisema, "Kaka, mama amefariki leo alfajiri. Tunazika keshokutwa, Didia. Wazee wamesema historia ya marehemu uandike wewe." Nikampa pole, nikasema nitaandika, nikamwashiria kinyozi amalizie kazi yake. Marehemu alikuwa jirani yetu kule kijijini Didia tangu nazaliwa. Kati ya nyumba yetu na yake palikuwa na uzio wa minyaa tu, na minyaa haizuii hata harufu ya mboga. Wasomaji wangu wa siku nyingi mmenizoea: mtu akifa, mimi humpamba. Leo mniwie radhi, maana sina wa kumpamba, na aliyechafuka katika kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Niwaeleze kwanza hiyo kazi niliyopewa. Kwetu huku watu hawazikwi bila historia yao kusomwa. Jeneza likishawekwa chini ya turubai, kabla ya kuaga, mtu husimama na karatasi akasoma marehemu alizaliwa wapi, alifanya nini, aliugua nini na ameacha watoto wangapi. Kwa kuwa maandishi yangu hutoka gazetini, misiba yote ya Didia na vijiji vya jirani huniletea mimi karatasi hiyo. Nimeandika nyingi mno. Niseme ukweli, ninayo moja kwenye simu ambayo hubadilisha jina, kijiji na ugonjwa, basi, imekwisha. Mchapakazi, mcha Mungu, mkarimu, aliwalea wanawe kwa upendo na maadili. Niliwahi kumwandikia hivyo hivyo mzee mmoja ambaye hakujaliwa kupata mtoto hata mmoja, ikasomwa yote, watu wakasema amina, na hakuna aliyeshtuka.

Jioni ya siku ile akanipigia dada mtu, mzaliwa wa kwanza wa marehemu. Huyu ni rika langu, tulianza darasa la kwanza dawati moja, na sasa anauza dagaa kule Nkome, ziwani. Akasema, "Nimesikia wamekupa kazi." Nikamjibu, "Wamenipa, dada. Pole sana." Akasema, "Pole nimepokea. Nina ombi moja, kaka. Andika alizaliwa wapi, andika alilima, andika alisali. Andika hata kwamba alikuwa mkarimu, maana kwenu alikuwa mkarimu kweli. Usiandike kwamba alitupenda. Hilo tu." Akaendelea taratibu, "Nitakuja kuzika. Nitakaa jamvini na wenzangu na sitamsema mtu. Ila hilo neno nisilisikie pale mbele ya watu." Nikamwambia, "Nimekuelewa. Halitakuwamo."

Na nilimwelewa, wala sikuhitaji kuuliza. Yule mama alikuwa na sura mbili, na ile nzuri aliitoa nje ya uzio. Akikutana na mama yangu njiani ni mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kwa furaha, ni habari za watoto, ni kucheka mpaka anashika mbavu. Sisi watoto wa wenzake alituita wanangu. Wake wa kuwazaa aliwaita mizigo. Viazi vikivunwa alikuwa akivichemsha, anavikata vipande na kuvianika juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yake mpaka vikauke viwe matobolwa, akiba ya kiangazi. Wanawe ndio waliolinda mbuzi wasile. Akikuta pengo kwenye zile safu, hakuuliza ni mbuzi au ni mtoto. Alimsimamisha mtoto peku juu ya jiwe lile, jua la saa nane, na akishuka ni mwiko wa mgongoni. Ukilia unaanza upya. Kwa hiyo walijifunza kulia bila sauti, mtoto kafungua mdomo hivi na hakuna kinachotoka. Sisi ng'ambo ya pili tulisikia kila kitu: mwiko, matusi, na ule ukimya. Mama yangu alikuwa akiongeza sauti ya redio. Baba alisema ya nyumba za watu tuyaache huko huko. Siku moja nilitumwa kuomba moto nikamkuta yule binti yuko juu ya jiwe, anasimamia mguu huu, kisha anahamia mwingine. Mama yake akanijazia matobolwa mfukoni mbele yake, akasema, "Chukua, mwanangu, wewe una adabu." Nikachukua. Tena sikungoja kufika nyumbani, nilikula pale pale huku namtazama.

Basi nikaandika historia nilivyoombwa. Kuzaliwa, kilimo, kanisa, ukarimu, ugonjwa, idadi ya watoto na wajukuu, nukta. Siku ya mazishi asubuhi nikaipeleka kwenye kikao cha wazee. Mjomba wao, kaka wa marehemu, akavaa miwani akaisoma yote midomo ikichezacheza. Akanitazama juu ya miwani. "Kijana," akasema, na mimi nina mvi, "hii ni historia ya mama au ni barua ya kuomba kazi? Watoto mbona umewapitia juu juu? Mama gani anazikwa bila kutajwa mapenzi yake kwa wanawe?" Wazee wakaguna kukubali. Hapo nilikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kusema nimeacha kwa makusudi. Ningeweza hata kusema sijui, waulizeni wenyewe. Nikasema, "Nimepitiwa, mjomba." Nikachomoa kalamu, nikaandika kwa mkono pale chini: Aliwalea wanawe kwa upendo usio kifani. Mjomba akasema, "Sasa hapo imekaa," nikasogezewa kikombe cha chai. Hakuna aliyenitishia wala kunipandishia sauti. Niliogopa tu kuonekana mtu mbaya mbele ya wazee, na woga huo ulinitosha kuvunja ahadi niliyompa mtu mzima aliyeniomba kitu kimoja.

Nilijifariji kwamba atasoma katekista haraka haraka kama kawaida yake na litapita. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, maana siku hizi hata Didia msiba una mshereheshaji, akatangaza kuwa historia itasomwa na mtoto wa kiume wa marehemu. Akasimama yule mchimbaji, mabega mapana, shati jeusi lililokunjwa mikono, akasoma vizuri mpaka alipofika kwenye mwandiko wangu. Akasema "Aliwalea wanawe," akakwama. Akarudia, "Aliwalea wanawe." Mdomo ukabaki wazi na hakuna kilichotoka. Akina mama wakadhani ni majonzi, wakaanza kulia kwa sauti. Mjomba akamsogelea akampigapiga bega, "Jikaze, mwanaume." Na yeye akajikaza. Akayasoma maneno yangu yote mpaka mwisho, kwa mdomo wake, mbele ya jeneza la aliyempiga, akakunja karatasi akaketi. Dada yake alikuwa ameshainuka jamvini. Alipita katikati ya watu bila kumgusa mtu, akashika njia ya barabarani, na hata udongo hakurudi kuweka. Bibi mmoja karibu yangu akaniuliza, "Wewe si jirani yao? Huyu mtoto ana nini?" Nikamjibu, "Uchungu, bibi." Uongo wa pili siku ile ile.

Wakamsema mpaka wapishi wakaosha masufuria. Mtoto gani anamwacha mama yake kaburini, pesa za dagaa zimempa kiburi, na yeye atazikwa hivyo hivyo. Nilikula wali wa msiba katikati ya maneno hayo na sikufungua mdomo ila kwa kula. Ndugu zangu, tumejitungia adabu ya ajabu. Tunasema marehemu asisemwe vibaya, sawa, sina ugomvi na hilo, mtu akae kimya kama anaona vyema. Lakini hatuishii kwenye kukaa kimya. Tunamchukua mtoto aliyeumizwa, tunampa karatasi, tunamwambia asome mbele yetu kwamba alipendwa, ili sisi wenye masikio tule wali wetu kwa amani. Najua yupo msomaji ananiandikia ujumbe sasa hivi kwamba yule mama naye aliteseka, mumewe alimwacha akaenda machimboni akapotelea huko. Ni kweli, alimwacha. Mama yangu alipita karibu kila siku kumpa pole kwa hilo la mume. Watoto hakuna aliyewapa pole.

Wiki tatu zikapita, nikashindwa kuandika hata safu hii. Nikapanda basi mpaka Geita, kutoka hapo nikaenda Nkome. Nilimkuta anageuza dagaa juani, kitambaa kichwani, amezeeka kuliko mimi. Hakufurahi wala hakununa. Akanipa kigoda, akaendelea na kazi. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, ile sentensi niliiweka mimi, mjomba aliuliza na mimi nikaogopa. Akasema, "Najua uliiweka wewe, mdogo wangu alinitumia picha ya ile karatasi, na mwandiko wako naufahamu tangu darasa la kwanza. Mimi nimeshaizoea hiyo. Pale kijijini kila mtu ameniambia hivyo maisha yangu yote. Aliyeumia ni mdogo wangu." Akageuza dagaa safu nzima ndipo akasema tena. Kumbe mwaka juzi, mama akiwa bado na nguvu, walimkalisha wao wawili, mjomba akiwapo, wakamuuliza kwa nini aliwapiga. Mama akacheka. Akasema, "Mnanizulia. Ni lini niliwapiga mimi? Waulizeni majirani." Mjomba akaongeza kwamba hayo ni mambo ya kusikia kwa watu wa mjini. Tangu hapo mdogo wake akaanza kujitilia shaka. Anapiga simu kutoka machimboni anauliza, dada, ni kweli au niliota? Dada anamjibu ni kweli, lakini mdogo mtu anasema, dada, unanionea huruma tu.

Akaweka reki chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Basi nami nikuulize wewe jirani. Kule kwenu, mlikuwa mnatusikia?"

Sijawahi kuulizwa swali jepesi hivyo kuhusu jambo hilo, na nilikuwa nalo jibu kwa zaidi ya miaka arobaini. Nikasema, "Tulikuwa tunasikia. Mwiko, matusi, yote. Na siku ile uliyokuwa juu ya jiwe nikila matobolwa, nilijua kwa nini umesimama pale." Akakaa chini mchangani. Hakulia. Alitoa simu mfukoni, akapiga, akasema tu, "Niko na jirani. Mwambie mwenyewe," akanipa. Huko Nyarugusu palikuwa na kelele za karasha, ile mashine ya kusaga mawe, nikalazimika kupaza sauti ili anisikie, nami ni mtu aliyeshindwa kunong'ona mbele ya wazee watano. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hukuota. Alikuwa akiwapiga na sisi tulikuwa tukisikia. Tuliongeza sauti ya redio." Nikasikia anasogea mbali na mashine, kelele zinapungua, zinapungua, kisha nikasikia pumzi yake. Akasema, "Asante, kaka." Alinishukuru. Nilimwacha miaka arobaini na kitu, nikamwandikia uongo akausoma, na yeye akanishukuru mimi. Sikujua pa kuweka uso.

Kabla sijaondoka niliomba ruhusa yao wote wawili niandike haya. Mchimbaji alisema niandike. Dada mtu alifikiri kidogo, akasema, "Andika. Ila usije ukaandika kwamba nimemsamehe mama. Bado sijui." Nami safari hii nimetii. Kwa hiyo ile historia niliyoisomesha pale Didia naifuta, na iliyo sahihi ni hii. Marehemu alikuwa mkulima hodari na jirani mkarimu. Wanawe wawili aliwatesa. Walilelewa na woga, wakajilea wao kwa wao, wakakua wakawa watu. Sisi majirani tulijua, na tuliwaacha.

Nilichojifunza si kikubwa na kimenigharimu aibu. Nilidhani watu kama hawa wanataka marehemu atukanwe, kumbe wanataka mtu mmoja tu wa nje aseme alisikia. Wewe unayesoma nawe huenda uliishi jirani na nyumba ya namna ile. Wale watoto sasa ni watu wazima, na namba zao za simu unazo. Wapigie leo, uwaambie ulisikia. Msamaha wako usiuombe siku hiyo, waachie wao siku hiyo iwe yao.