Mashine ya Meno ya Mkwe

Kwenye karakana ya makochi walimwita Mkasi, na mkasi wenyewe hakuwa nao. Uzi wa makochi ni mnene, wa nailoni, ukiuvuta ovyo unakuchana kidole. Yeye aliukata kwa meno, kap, akaendelea. Misumari midogo ya kubania kitambaa aliijaza midomoni, akawa anaitoa mmoja mmoja huku mkono wa kulia unagonga nyundo na huku anakusema vilevile. Wanaume pale walijaribu kumuiga wakaishia kukohoa. Alizeeka na meno yake yote. Mtu akilalamika jino linamuuma, Mkasi alimtazama kama mtu aliyekuja kazini bila viatu.

"Umeyalea vibaya," alimwambia. Pole hakutoa.

Macho yalipomtupa mkono, binti yake alimchukua akakae naye. Watoto wa binti walikuwa shule ya bweni, nyumba ina nafasi. Binti anauza kwenye duka la dawa na mdomo wake hauna breki. Mumewe ni fundi simu, mtu mpole, anayeshusha macho anaposema na mama mkwe wake, kama inavyompasa. Mkasi alimpenda sana huyo mkwe, ila hakuona sababu ya kumwonyesha.

Sasa, mkwe alikuwa na kimashine bafuni, kando ya sinki. Kina tangi dogo la maji, na juu kinachomekwa kimrija chembamba. Ukikiwasha kinanguruma, kinarusha maji membamba kama sindano, yanapita katikati ya meno na kuzunguka fizi, yanatoa vilivyonasa kule ambako mswaki haufiki. Vimrija vilikuwa viwili ndani ya glasi, kimoja kina pete nyekundu, kingine buluu. Kila baada ya chakula cha jioni mkwe aliingia huko, na nyumba nzima ikasikia mngurumo.

"Mwanamume mzima anayapigia meno yake bomba," Mkasi alimwambia binti yake, kwa sauti ya kufika bafuni. "Kesho atayaosha kwa sabuni ya gari."

"Na wewe ingekufaa, Mama."

"Mimi? Meno haya ndiyo yaliyokulisha wewe."

Siku moja alikuwa anashona foronya iliyofumuka. Akamaliza, akakata uzi kwa meno. Uzi ulikuwa mweupe. Ulitoka mwekundu.

Kwanza alitazama kidole, akidhani kajichoma. Kidole kizima. Akaenda kwenye kioo, akainua mdomo wa juu kwa dole gumba. Fizi zilikuwa zimevimba na kuiva, na huko nyuma, kati ya jino na jino, palijaa uchafu wa siku nyingi. Akapumulia kiganja, akanusa. Ndipo alipoelewa kwa nini jirani wa mlango wa pili siku hizi anaongea naye shingo imegeukia barabarani.

Angemwambia binti, na binti angemletea dawa jioni ileile. Lakini mtu aliyesema yale ya bomba na sabuni ya gari anaanzia wapi? Alisubiri wote wawili waende kazini, akajifungia bafuni, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumfumania.

Vile vimrija akavitazama. Akawaza koki za maji: nyekundu ya moto, buluu ya baridi. Fizi zake zilikuwa zinawaka, kwa hiyo akachukua cha buluu, akakichomeka. Hilo lilimwingia akilini vizuri kabisa.

Akawasha mashine kimrija kikiwa bado mkononi, nguvu yote. Maji yakapiga dari, yakamrudia usoni. Mara ya pili akakitia mdomoni kwanza. Yalimchoma mpaka machozi yakamtoka, na sinki likawa jekundu. Akaosha sinki, akapangusa ukuta kwa gauni lake, akarudisha kila kitu mahali pake. Kesho yake akarudi tena, na kesho kutwa. Kila alipomaliza mdomo ulikuwa mwepesi, akajisemea, kumbe. Ila macho yake hayakuona matone yaliyobaki kwenye mashine, wala wekundu ulioganda penye shingo ya kimrija.

Mkwe aliyaona.

Jioni moja mezani alisukuma sahani pembeni. Mkewe akamtazama.

"Mbona huli, Baba Watoto?"

"Fizi zinanitoka damu. Nimeona kwenye kimrija changu, na si mara moja."

"Mbona changu kisafi?"

"Chako ni kile chekundu. Nasema changu, cha buluu."

Mkasi alirudisha tonge kwenye sahani. Changu, chako. Kumbe kila mtu na chake. Kwa hiyo siku zote hizo alikuwa anatia kinywani kitu kinachotoka kinywani mwa mkwe wake, mtu ambaye hata kikombe cha maji hawajawahi kuchangia. Masikio yalimwaka moto. Akainamisha kichwa kama anayetafuta mchanga kwenye chakula.

"Baba naye alianza hivihivi," mkwe akaendelea, taratibu. "Fizi kwanza. Baadaye wakamkuta na sukari, mwisho wakamkata mguu. Nimeomba ruhusa kazini. Kesho nakwenda kupima."

Neno moja tu lilitakiwa. Mkasi alilisikia linapanda, likafika kwenye ulimi.

"Kapime," alisema. "Kupima si vibaya."

Na akajisikia akisema hivyo, kwa sauti ileile aliyowaambia wenzake wameyalea vibaya.

Siku ya pili alishinda kitandani, akasingizia kiuno. Mkwe aliporudi jioni aliketi, akanawa, akasema, "Sukari hamna. Daktari wa meno naye amenikagua. Fizi zangu hazina kasoro, hazionyeshi kama zimewahi kutoa hata tone."

"Alhamdulillahi," binti akasema. "Sasa ile damu ilikuwa ya nani?"

Mkwe alimega tonge.

"Haikuwa damu. Ni kutu. Mabomba ya hapa yamechakaa."

"Kutu gani inayochagua kimrija? Mbona changu..."

"Kutu, Mama Watoto. Tule."

Mkasi akajua kuwa mkwe anajua. Asubuhi akakuta glasi ya pili bafuni, karibu na mswaki wake. Ndani yake kuna kimrija kipya chenye pete ya njano. Hakuna aliyemwambia kitu. Angetukanwa angepata la kujibu, maana kujibu ndiyo kazi aliyoiweza tangu usichana. Lakini hii ya kusitiriwa na kijana ambaye yeye mwenyewe alimdhihaki, tena akamwacha aende kupimwa ugonjwa usio wake, hakuwa na pa kuishika. Kimrija hakukigusa. Alipita bafuni mchana kutwa kama anayepita mbele ya mtu anayemdai.

Jioni, mezani, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Mkwe wangu."

"Naam, Mama."

"Ile kutu ilikuwa yangu."

Binti alimtazama mama yake, akamtazama mumewe, mpaka ikamwingia. Akaweka kijiko chini.

"Mama. Alisema hapahapa kwamba anakwenda kupima. Ukamwambia kapime. Huyu usiku ule hakulala, nilimsikia anapapasa mguu wake."

"Nilikuwepo aliposema. Nilisikia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Mkasi aliondoa mikono juu ya meza.

"Niliona haya," alisema.

Mkwe hakuinua macho. "Mama, ukikiwasha uanze na namba moja, ile ya chini. Inamia sinki, fumba midomo kidogo, maji yatatoka yenyewe. Na yawe ya uvuguvugu, ya baridi yanauma."

"Nilidhani buluu ndiyo ya baridi."

Binti aligeukia ukutani. Mabega yalimtikisika, na Mkasi hakuthubutu kuuliza kama ni kicheko au ni kilio.

Aliinuka akaenda bafuni. Mlango hakuufunga. Akachukua cha njano, akajaza tangi maji ya uvuguvugu, akainama, akafumba midomo. Mngurumo ukafika mpaka mezani. Sinki likawa jekundu. Alinyoosha mkono kufungua koki aoshe, akaurudisha.

"Mwanangu," aliita. "Njoo uone."

Akasikia kiti cha binti kinasogezwa.