Barabara ya Izigo Juu ya Meza

Kwangu Kitendaguro kuna chumba ambacho mke wangu haingii bila kuguna. Ndimo ninamotengenezea barabara. Si za makandarasi. Zangu hukaa juu ya plaiwudi, upana wa kiganja, na kila Jumamosi walimu wenzangu wawili huja tukakimbizana na malori madogo kwa kutupa dadu. Mimi hufungwa karibu kila wiki na wala sijali. Ninachojali ni barabara. Mtu akipaka ubao rangi nyeusi tupu akaniambia hiyo ni lami, naudhika kweli. Lami yetu imepauka kwa jua, ina viraka, ina mistari miwili ya matairi iliyokolea. Kwa hiyo hubandika msasa laini, nikapaka kijivu, kisha nikasugua unga wa penseli kwa kidole palipopita magurudumu. Vumbi la kando ni udongo mwekundu wa Kanazi, nilioupepeta kwa kichujio cha chai. Kichujio hicho ndicho chanzo cha kule kuguna.

Mama alihamia kwetu baada ya presha ya macho kummalizia nuru yote. Kusema kweli hakuhamia, tulimhamisha. Tulifunga nyumba ya Izigo tukamleta. Hakulalamika, akala alichopewa, akaketi alipoketishwa. Lakini mgeni akija, sisi Wahaya mwenye nyumba humpa kikapu kidogo chenye kahawa za kutafuna, na kule Izigo hakuna aliyevuka mlango wa mama bila kupewa. Kwangu, nilipomwekea kikapu mapajani amkaribishe mgeni, alikipapasa kidogo akanirudishia.

"Toa wewe," alisema. "Mwenye nyumba ni wewe."

Iliniuma, maana nilijiona nimemfanyia kila kitu.

Siku moja akasema wazi kwamba anataka kurudi kwake. Mpwa wetu mmoja, mwanamke mtu mzima, alikuwa tayari kuishi naye, ila mchana kutwa angekuwa shambani. Nikampigia simu dada yangu aliyeko Mwanza. Akafoka.

"Arudi wapi? Na ule mtaro je?"

Alikuwa na hoja. Tangu mama aondoke, kando ya lami ulikuwa umechimbwa mtaro mpya wa zege, wenye kina cha kummeza mtu hadi kiunoni, kutoka kanisani hadi kupita irembo letu, yaani lango la kuingilia nyumbani. Mama aliijua njia hiyo tangu alipoolewa, lakini mtaro hakuujua. Dada akatoa sharti: mama atembee kutoka kanisani hadi nyumbani bila kushikwa mkono. Akiweza, arudi. Akianguka hata mara moja, asiitaje tena Izigo.

Nikaenda Izigo na futi kamba, nikapima, nikapiga picha, nikarudi kujifungia chumbani. Sijawahi kutengeneza barabara nzuri kama ile. Nilichora nyufa kwa sindano. Nilitia doa la oili pale bodaboda wanapoegesha. Nikamwita mama, nikamwekea vidole juu ya ubao nikiwa nimejawa na majivuno.

"Hii ni nini?"

"Lami, mama."

"Mtaro uko wapi?"

"Hapo hapo unaposhika."

Akapapasa mbele, akapapasa nyuma. Palikuwa tambarare. Mtaro nilikuwa nimeupaka rangi tu, na kivuli chake safi upande mmoja, wa kumridhisha mtu mwenye macho mawili mazima.

"Mwana wange," akasema taratibu, "basi hapa nimeshaanguka."

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye, naona aibu kuandika hivyo. Halafu nikaona ujinga wangu wote umelala pale mezani. Nilikuwa nimemtengenezea kipofu picha.

"Na milamula iko wapi?" akauliza.

Milamula ni ile miti myembamba tunayoipanda kuonyesha mipaka ya vibanja. Sikuiweka kwa sababu haimo barabarani, imesimama ukingoni tu, kati ya lami na mtaro. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu afike kwangu.

"Ninyi mnafuata barabara. Mimi nafuata mipaka. Ile miti nimeipanda mwenyewe."

Basi tukaanza upya, yeye akiwa mkandarasi. Nikachonga mtaro kwa kisu hadi kidole kikazama. Lami nikaiwekea msasa mkali. Mfuniko wa zege wa kuvukia nikautengeneza kwa kipande cha kigae, na milamula saba ya kufikia hapo nikaisimamisha kwa njiti za ufagio, kama nilivyoihesabu kwenye picha zangu. Ilitoka barabara mbaya, ya kuchekesha. Wenzangu wa Jumamosi waliuliza kama nimeugua. Mama aliipitia kila asubuhi kabla ya chai, akinong'ona: mlamula wa saba, simama, fimbo kulia, kigae, vuka.

Dada akaja kutoka Mwanza, Jumapili tukaenda Izigo. Baada ya ibada tulitoka kanisani, mama mbele na fimbo yake, sisi na mpwa wetu nyuma, tumekatazwa kufungua mdomo. Malori yalipita yakapeperusha nguo zetu. Mama aligusa mti mmoja mmoja bila haraka. Akafika wa saba kwa hesabu yake, akasimama, akageukia kulia. Na mimi nikaona kwamba mfuniko haupo hapo. Ulikuwa mbele, mti mmoja zaidi. Kati ya ile miti palikuwa na kisiki cha mlamula uliokatwa, nacho mama alikihesabu kwa fimbo yake. Kwenye picha nilihesabu iliyosimama tu.

Dada alinishika mkono kwa nguvu. Mama akashusha fimbo. Ikaenda chini, ikaenda tena, haikugusa kitu. Akabaki amesimama ukingoni, nami nikawa nimeinua mguu kumkimbilia. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akaushika mlamula, akaenda hadi unaofuata, akashusha fimbo. Ikagonga zege. Akavuka.

Nyumbani alifungua mlango mwenyewe. Alituonyesha viti, akakalia chake, akamtuma mpwa wetu ndani.

"Barabara yako ina kosa," akaniambia. "Umesahau kisiki."

Dada alikuwa analia waziwazi. Mpwa akaleta kikapu. Mama akakipapasa, akakiweka sawa, akakinyoosha kwangu mimi niliyezaliwa katika nyumba ile.

"Karibu kwangu," akasema.

Nikainuka, nikazipokea kahawa kwa mikono miwili, kama mgeni.