Gemu la Marudio

"Kaka, kompyuta yako imejaa. Nifute hili gemu la wanyonya damu?" mdogo wangu aliniuliza nilipofikia kwake Geita. "Mtu mzima hivi unacheza gemu, na lenyewe linakwamakwama!"

Nikamwambia asithubutu. Waliolitengeneza walilitoa bovu wakalitelekeza. Sisi wapenzi wake ndio tunaolitia viraka mpaka leo, na kila kiraka hunifungulia mlango uliokuwa haupitiki.

"Si ulishalimaliza?"

"Na wewe unaosha nini kila siku?"

Akacheka. Anaosha marudio, yaani mchanga ambao wachimbaji wengine walishautoa dhahabu wakautupa.

"Lakini mle bado imo, kaka."

"Na humu imo." Nikamnyang'anya kompyuta, nikaanza tena tangu mwanzo.