Kuni za Kerubo

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi na kurudi na kiberiti, kulikuwa na mti mmoja niliouogopa kuliko mbwa wa jirani. Ulikuwa omotembe, mti wenye miiba shinani na maua mekundu yanayotangulia majani, nao ulisimama ndani ya ua wa shule ya masista, karibu kabisa na kanisa lao. Watu wa kwetu, huku chini ya mlima wa Manga, hawaukati omotembe wala hawapikii chai kuni zake. Masista walipokuja kujenga sekondari yao ya wasichana, mafundi walichimba msingi vizuri tu, wakafika kwenye ule mti, wakaweka majembe chini. Ikabidi ukuta upindishwe kuupisha. Hadi leo una nundu, na mgeni akiuliza anaambiwa fundi alikuwa mlevi.

Kazi ya mti huo ilikuwa kupokea matubwitubwi. Mtoto akivimba mashavu alifungiwa vijiti vikavu kama mzigo wa kuni, akajitwika mwenyewe, akauzunguka omotembe, akavibwaga kwenye shina na kuondoka. Masharti yalikuwa mawili. Asigeuke nyuma, na akiitwa asiitike, hata awe anaitwa na mamake mzazi. Tena zile kuni hakuna wa kuzigusa. Anayeziokota amejitwika ugonjwa, na kama hajawahi kuugua, basi amekwisha.

Mimi leo ni muuguzi, nina cheti changu ukutani, na bado nikikaribia pale na mzigo wa kuni natafuta njia nyingine. Cheka upendavyo.

Nyanya yangu ndiye aliyetulea, maana mama alikuwa akishinda sokoni Keumbu akiuza ndizi. Nyanya alikuwa Msabato wa kweli kweli, Ijumaa jua likielekea kutua sufuria zote zimeshasuguliwa. Miguu yake haikuwahi kukanyaga ua wa Wakatoliki. Lakini dada yangu Kerubo alipoitwa kusoma kwa masista, Nyanya alisema hesabu haina dini, akauza dume la mbuzi na kumnunulia sanduku. Akamsindikiza hadi langoni, akaishia hapo.

Basi Kerubo akawa sauti ya shule. Mwalimu wa kwaya alikuwa ametunga wimbo wa wasichana wanaopalilia wimbi upande huu wa bonde, wakimwita mwenzao aliye ng'ambo. Kwaya nzima inaita, inanyamaza, kisha sauti moja inaitika kutoka mbali. Sauti hiyo ilikuwa ya dada yangu. Nilipoisikia mara ya kwanza kupitia dirisha la kanisa, nilisimama na ndoo kichwani hadi maji yakanimwagikia mgongoni. Sikuamini kwamba ni huyu huyu Kerubo tuliyekuwa tukigombania blanketi naye.

Ilikuwa shule ndogo, na shule kubwa za mjini zilikuwa zikiitania kwamba wasichana wake wanajua kuombea mahindi tu. Haikuwa imewahi kuvuka mashindano ya wilaya. Mwaka ule ikavuka. Yakabaki ya mkoa, na mlima mzima ukawa hauongei jambo lingine, Wasabato kwa Wakatoliki. Wanaume waliokuwa hawajui hata noti moja ya muziki walibishana kwenye kituo cha kuuzia majani chai kama sauti ya tatu inatosha.

Hapo ndipo Kerubo alipoamka bwenini mashavu yamevimba, hawezi kumeza hata mate.

Mkuu wa shule, Sista Perpetua, alimtenga kwenye chumba cha wagonjwa. Matroni alikuwa ameenda kwao, kwa hiyo Sista akalala naye mwenyewe siku mbili, akimnywesha uji kwa kijiko. Kisha akamleta nyumbani kwa pikapu ya shule. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa huku huku kwetu, na Ekegusii chake, lugha yetu, kilikuwa safi kuliko cha padri. Aliketi jikoni kwetu kwenye kigoda, gauni lake jeupe likigusa majivu, akamweleza Nyanya kwamba mashindano ni mwisho wa mwezi, na bila Kerubo hakuna wimbo. Mwalimu alikuwa amewajaribu wasichana wengine, akaacha.

Nyanya alimsikiliza, halafu akamuuliza kama yeye aliwahi kuugua matubwitubwi utotoni. Sista akacheka, akasema mama yake alimficha na kila ugonjwa.

"Basi kuni za huyu mtoto ukiziona, zipite mbali," Nyanya akamwambia. "Hizo haziulizi kama mtu amesoma."

Sista hakubisha. Alisema tu kwamba lango litakuwa wazi jioni.

Jioni hiyo tukaenda. Mvua ya kila siku ilikuwa imetoka kunyesha na njia ilikuwa tope tupu. Nyanya akabaki langoni kama kawaida yake, akinituma mimi nimshike dada mkono. Kerubo alikuwa amejifunga leso kuanzia kidevuni hadi utosini, mzigo wa vijiti juu yake, macho mekundu. Tukauzunguka omotembe polepole. Moyo wangu ulikuwa ukidunda kiasi kwamba niliogopa mti usije ukausikia.

Tulipokuwa tunakamilisha, kwaya ikaanza kuimba kanisani.

Walikuwa kwenye mazoezi, hawakujua kwamba tuko nje. Wakaimba ule wimbo wa wimbi, wakafika pale wanapomwita mwenzao. Wakaita, wakanyamaza. Hakuna aliyeitika. Mwalimu hakuwa amempa mtu mwingine nafasi ile, na wao waliiacha wazi hivyo hivyo, kisha wakaita tena. Kerubo alishtuka mwili mzima. Mzigo ukamponyoka kabla hajafika shinani, kamba ikakatika, vijiti vikatawanyika kwenye njia ambayo wasichana wote hupita wakitoka kanisani kwenda kula.

Tukatazamana. Kuviokota hawezi, kurudi hawezi. Wenzake walikuwa wakimwita kwa jina la wimbo, na yeye ndiye aliyejua jibu peke yake, na alikuwa amekatazwa kuitika. Akajikaza kisabuni. Akanishika mkono hadi ukaniuma, akaelekea langoni huku machozi yakilowesha leso.

Sharti la kutogeuka lilikuwa la mgonjwa, si langu. Nikageuka.

Sista Perpetua alikuwa ametokea mlango wa pembeni. Aliviona vile vijiti, akatazama mlango mkubwa wa kanisa, ambapo kwaya ilikuwa karibu kutoka. Nusu ya wale wasichana walitoka miji ya ziwani, hawakujua lolote kuhusu omotembe, na pale shuleni aliyechelewa adhabu yake ilikuwa kuokota kuni. Mmoja wao angeinama tu. Sista akapiga magoti kwenye tope, akainua aproni yake, akaanza kuokota. Aliokota vyote, hata vile vidogo vilivyozama matopeni alivichimbua kwa vidole. Akavipeleka shinani, akavimwaga. Aliponiona nikimtazama aliweka kidole mdomoni.

Nilikuwa nimewaona watu wazima wakikwepa kivuli cha mti ule, na huyu, aliyeambiwa kwa kinywa cha nyanya yangu, alijua kabisa anachookota.

Siri sikuiweza. Kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshamweleza Nyanya yote. Hakunikemea. Alisimama katikati ya njia, akasema, "Amejitwika."

Mashavu ya Kerubo yakapungua, sauti ikarudi, na hakuna msichana mwingine wa kwaya aliyeugua. Mashindano ya mkoa yalifanyiwa Kisii mjini mwaka ule. Sikupelekwa, lakini Kerubo alinisimulia kwamba alipoitika kutoka nyuma ya ukumbi, watu waligeuka wote kumtafuta. Wakashinda. Wakati wa kurudi basi lilizungushwa kupitia Keumbu makusudi, ingawa si njia, na kina mama sokoni wakalirushia ndizi mbivu madirishani. Mama yangu aliacha meza yake bila mwangalizi akalikimbilia hadi likamwacha.

Bado tulikuwa tunasherehekea wakati habari zilipotufikia. Sista Perpetua amevimba mashavu, homa haishuki, hawezi kusema.

Nyanya alikuwa akipepeta wimbi. Aliweka ungo chini, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na vijiti vikavu. Nikadhani anampelekea Sista ajitwike. Tulipofika langoni nikanyoosha mkono nipokee mzigo, nikijua yeye ataishia hapo. Hakunipa. Akavua viatu, akajitwika mzigo mwenyewe, akaingia kwenye ua wa Wakatoliki.

Sista alikuwa ameletwa mlangoni pa nyumba ya masista, amefunikwa shuka, uso umekuwa wa mtu mwingine. Wasichana walitoka madarasani mmoja mmoja, wakasimama kutazama. Nyanya akamsogelea Sista, mzigo ukiwa bado kichwani.

"Wewe ulibeba za mtoto wangu," akasema. "Hizi nitabeba mimi, mwanangu."

Hilo halikuwa kwenye masharti. Mgonjwa hujibebea, ndivyo alivyotufundisha mwenyewe. Lakini mkongwe yule aliuzunguka omotembe peku, mgongo umepinda, midomo ikicheza, na sijui kama alikuwa akiomba Kisabato au kikale. Akabwaga kuni shinani, akageuza uso kuelekea langoni. Sista akajilazimisha kuita kwa lile koo bovu: "Magokoro!"

Kwetu ndivyo tunavyomwita nyanya. Nyanya hakuitika. Akaendelea kutembea, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliona mabega yakitikisika. Nje ya lango, akivaa viatu, akaniambia, "Kesho nenda umwambie nilimsikia."

Nilikwenda. Sista alikuwa bado hawezi kusema, akafumba macho na kunipa mkono.

Najua, wauguzi wenzangu. Matubwitubwi hutoka kwenye mate na pumzi, na huchukua wiki mbili, hata tatu, kabla ya kujitokeza. Sista aliyapata kwenye kile chumba, akimwinamia dada yangu na kijiko cha uji. Nimelifundisha hilo darasani. Lakini kila ninapolifundisha naona Nyanya hakukosea sana. Iwe ni kijiko au ni kuni, ugonjwa ule Sista aliupata kwa kubeba mzigo usio wake.

Wazazi huniuliza kliniki, kwa sauti ya chini, kama waende pia kwenye omotembe. Siwakatazi. Nawapa dawa ya maumivu, nawaambia mtoto akae mbali na wenzake hadi uvimbe uishe. Kisha nawauliza nani atakwenda naye.